Shangazi, Chakula Chako Hakikuwa na Sumu

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Bilele, hapa Bukoba mjini, katika nyumba ambayo hukuwahi kuingia, na ambayo niliichagua kwa sababu moja tu ambayo sikukueleza: choo chake kiko hatua sita kutoka kitandani pangu. Watu wa Ngenge, kijijini kwako, wanasema niliichagua ili nikae mbali nawe. Wamesema mengi, na karibu yote ningeweza kuyazuia kwa sentensi moja. Barua hii ni sentensi hiyo, imechelewa, na kwa kuwa wewe huwezi tena kusomewa, naiacha wazi ili aisome yeyote atakayependa.

Sentensi yenyewe ni hii: sikulishwa sumu na mtu yeyote, nilipasuliwa ng'ambo, kwa hiari yangu, nikafupishwa utumbo ili nikonde.

Nikiisoma hivyo, kwenye karatasi, naona si ndefu. Ilinichukua miaka minane kuisema.

Unakumbuka ulivyonipokea, mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa nimemaliza shule na posa imekwisha kukubaliwa. Kila mwenye binti wa kuolewa pande zile alitamani umpokee wewe. Ulijua kumweka ndani mugole, bibi harusi mtarajiwa, kumpaka samli, kumwambia mambo ambayo mama hawezi kumwambia bintiye, na zaidi ya yote ulijua kumlisha. Majani makavu mapya yalitandikwa sakafuni kila Jumamosi, nami nikakaa juu yake kama ndama wa zizini, nikiletewa ndizi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, maharage yaliyoungwa kwa samli, maziwa, samaki, na maji matamu ya ndizi katikati ya mlo na mlo. Asubuhi ulinishika mkono juu ya kiwiko, ukabonyeza, ukatikisa kichwa.

“Bado. Hapa nagusa mfupa.”

“Shangazi, nimeshiba.”

“Nani kakuuliza? Wewe umesoma vitabu, tumbo hujalisoma. Kula, waitu, mwanangu.”

Wakaja wanawake wa upande wa mume kunikagua. Mmoja wao alipiga kigelegele kabla hajaketi. “Huyu ametunzwa!” akasema, na wewe ukatazama chini kwa unyenyekevu wa uongo ambao sijauona kwa mtu mwingine. Ile ilikuwa siku yako kuliko ilivyokuwa yangu. Nilikuwa mnene, nilikuwa mzuri, na maneno hayo mawili kwenu yalikuwa karibu neno moja.

Kwa miaka kadhaa nilikulaumu kwa ajili ya mwili ule. Nilijiambia kwamba ni wewe uliyenijaza, na kwamba waliofuata walikuja tu kunicheka kwa kazi ya mikono yako. Sasa sina hakika. Mama yangu alikuwa mnene kabla hajaolewa kwenu, na bibi kabla yake. Huenda ulinipa kilo tatu na vigelegele, basi.

Kilichofuata hukukijua vizuri, kwa sababu barua zangu za Dar es Salaam zilikuwa fupi na padri aliyekusomea alikuwa na haraka. Mume wangu alipata kazi ya siasa, nami nikaingia Chuo Kikuu. Huko mwili uliopigiwa vigelegele Ngenge ukawa hoja. Hizo ndizo siku ambazo mnyonyaji alichorwa magazetini akiwa na tumbo, kidevu cha pili na mikono mifupi, na mkulima akachorwa mbavu nje. Katika mjadala mmoja wa jioni kijana wa mwaka wa kwanza alisimama akasema, kwa adabu kabisa, “Ndugu mwenyekiti, tunamtafuta kabaila wa nini, na ameketi safu ya pili?” Ukumbi wote ulicheka. Mwenyekiti naye alicheka kwanza, kisha ndipo akagonga meza.

Nilimweleza mume wangu nyumbani, nikitegemea angalau akasirike. Alikuwa akifunga kamba za viatu. Alisema, “Mimi nasimama jukwaani nawaambia watu wafunge mkanda. Halafu nyuma yangu umekaa wewe. Watu wana macho.”

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, nilikwenda na maneno hayo mawili sandukuni, la kijana na la mume. Huko palikuwa na daktari mpasuaji, mtu mpole mwenye vidole virefu, aliyekuwa akijaribu upasuaji mpya kwa watu wanene. Alinichorea kwenye karatasi. Utumbo mwembamba, alisema, ni mrefu kupita mahitaji yetu. Yeye angekata karibu na mwanzo, aunge karibu na mwisho, na kipande kirefu cha katikati kingebaki tumboni bila kazi. “Utakula upendavyo,” alisema. “Chakula kitapita tu.”

Hakusema uongo. Chakula hupita tu.

Niliweka sahihi. Nimewatafuta mara nyingi walionishika mkono wakati nikiandika jina langu: yule kijana, mume wangu, wachoraji wa magazeti, daktari, wewe. Kila mara nawakuta wote mlangoni, na ndani ya chumba niko peke yangu na kalamu. Huenda huo nao ni ujanja wa msomi, kujilaumu kwa ufasaha ili asilaumiwe na wengine. Sijui.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mwepesi na mwenye furaha. Mwaka wa pili nilianza kujifunza mwili wangu mpya ulivyo. Nakwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku, na siku za samli au nyama ya mafuta siwezi kuhesabu. Harufu yake ni jambo ambalo sitaliandika hapa. Vidole vya mikono hujikunja vyenyewe, chaki huanguka mbele ya wanafunzi ninaowafundisha. Mifupa ya nyonga inauma kama ya bibi kizee. Mawe ya figo yamenilaza mara tatu. Jua likianza kuzama, mimi hupoteza njia ambayo wengine wanaiona bado, napapasa kuta za nyumba za Miembeni nikitoka sokoni, na watoto wanadhani nimelewa. Mganga mkuu wa hapa mjini aliponipima aliniuliza nimchoree nilichofanyiwa, kwa kuwa hakuwahi kukisikia. Nikamchorea utumbo wangu nyuma ya cheti chake, kama mwalimu wa jiografia anayechora mto. Nilimwandikia yule mpasuaji. Alijibu kwa upole wake ule ule kwamba upasuaji huo wameanza kuuacha, na kwamba nikirudi kwao wangejaribu kuunga upya. Nikirudi kwao! Kana kwamba kwao ni Muleba, hapo jirani.

Mume wangu alifurahi niliporudi. “Sasa unafanana na wananchi,” alisema uwanja wa ndege. Mwaka wa tatu alihamishiwa mkoa mwingine na hakuniambia nimfuate. Nikaomba kufundisha Bukoba, nikaja nyumbani.

Ndipo nilipokuja kwako, Shangazi. Ulisimama mlangoni na mkono mdomoni.

“Mawe! Mama yangu! Ulaya hakuna chakula?”

“Kipo, Shangazi.”

“Basi walikuwa wanakutazamisha tu.”

 Ulichemsha maji yenye majani, ukanivua nguo, ukaniogesha kama zamani, na hapo ukaliona kovu. Linaanzia chini ya kifua na kushuka hadi chini ya kitovu. Kidole chako kililifuata chote, polepole.

“Nani amekukata?”

“Kidole tumbo, Shangazi. Kilivimba.”

“Kidole tumbo kirefu hivi? Hicho kilikuwa mkono mzima.”

Tukacheka sote wawili. Ningeweza kukueleza palepale, maji yangali ya moto na mlango umefungwa. Lakini fikiria ningesema nini. Kwamba kazi uliyoifanya kwa mikono yako, kazi uliyojulikana nayo, nilimwomba mzungu aifute kwa kisu? Nilidhani naficha kwa ajili ya kukuhurumia. Leo naona kwamba niliona haya, na haya ni jambo dogo kuliko huruma, ila hujificha ndani yake vizuri.

Ukanilisha, kwa sababu hiyo ndiyo dawa uliyoijua. Samli, maziwa, maharage. Kila ulichonipa kilikuwa ndicho mwili wangu haukuweza kukibeba. Nilikaa wiki mbili, nikatoka kwako nimepungua kuliko nilivyoingia. Likizo iliyofuata vivyo hivyo. Majirani wana macho kote, si Dar es Salaam tu. Waliniona nikiingia kwako nikitembea, na nikitoka nimeshikwa mkono hadi kwenye basi. Unajua kwetu mtu akikonda baada ya kula nyumba fulani, watu hawaulizi amekula nini. Huuliza amekula kwa nani.

Najaribu kuwa mwadilifu. Sina hakika kwamba minong'ono ilianza na mimi. Wewe ulikuwa mjane, huna mtoto, na kibanja chako cha migomba kilikuwa kizuri kuliko vya jirani; huenda walikuwa wanatafuta tu mahali pa kuanzia. Lakini siku ile ya likizo ya tatu, siku ya wageni, mahali hapo niliwapa mimi.

Walikuwapo wanawake wanne na balozi wa nyumba kumi, Deogratias, wamekuja kunisalimu. Kwetu mwenye nyumba hunywa fundo la kwanza la rubisi ndipo ampe mgeni, ajue ni salama. Hiyo ni adabu ya pombe na ya wageni. Hakuna anayeonja chakula mbele ya mtoto wa kaka yake. Lakini ulileta sahani ya ndizi, ukapiga goti, ukamega kipande mbele ya wote, ukatafuna, ukameza, kisha ukafungua kinywa waone. Nilielewa papo hapo kwamba umesikia yanayosemwa, na kwamba umekubali aibu hii ili mimi niimalize.

“Kula, waitu,” ulisema. “Nimeonja.”

 Nilichukua tonge la kwanza. La pili. Samli ilikuwa nyingi, uliikusudia iwe nyingi. Katika la tatu tumbo lilinikata, nikasimama, nikatoka mbio kuelekea nyuma ya migomba nikiwa nimeziba mdomo, na nikasikia nyuma yangu mwanamke mmoja akisema taratibu, “Mnaona? Amekataa hata kilichoonjwa.”

Nilipomaliza huko nyuma ya migomba ningeweza kurudi ndani na kusema. Sketi yangu ilikuwa imechafuka. Nilipita upande wa pili wa nyumba, nikajifunga kanga yako iliyokuwa kwenye ua, nikaenda kungoja basi barabarani. Sikukuaga. Niliandika baada ya wiki, nikisema nina kazi nyingi shuleni.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyoonana.

Mengine nimeyapata kwa kusimuliwa. Wakati wa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa ulipofika, na nyumba kupangwa kwa mistari, hakuna aliyekubali kujenga karibu nawe, na balozi akakuweka mwisho wa mstari, upande wa nyasi, kusikoota migomba. Siku za shamba la kijiji wanawake walipika chakula cha wote kwa zamu, na zamu yako ilirukwa. Kwanza kwa kusahau, baadaye bila hata kusingizia kusahau. Ulipewa jembe. Wewe uliyewalisha wanawari wa Ngenge yote, kukawa hakuna sufuria hata moja ya ujamaa uliyoruhusiwa kuikoroga. Na hakuna aliyekuletea mugole tena. Najiuliza ulikaa vipi jioni hizo, katika nyumba mpya iliyonyooka, huna wa kumwambia “bado, hapa nagusa mfupa”. Najiuliza kama ulinichukia. Ningependa kujua kwamba ulinichukia.

Taarifa ya kifo chako ilinikuta hospitalini, siku ya pili ya mawe ya figo, nimepinda kama upinde. Walikuzika kesho yake. Ngenge walisema nimeogopa hata maiti yako.

Nilikwenda kwenye misa ya kuondoa matanga. Nilifunga kula siku mbili kabla, ili basi linivumilie. Baada ya misa watu wakiwa wamekaa uani kwako, nilisimama kama mtahiniwa, mimi mwalimu, mtu wa kusema mbele za watu. Nikaeleza yote. Kwamba nilikuwa mnene na nikaona haya. Kwamba daktari wa ng'ambo alinifupisha utumbo, na tangu hapo chakula cha mtu yeyote, hata cha malaika, kingenitoa mbio. Kwamba Shangazi hakunilisha ila kwa upendo.

 Kisha mwanamke mzee aliyekaa kwenye mkeka, Mama Leokadia, jirani yako wa zamani, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, “Binti, msomi hudanganya vizuri. Unamtetea aliyekufa, ni jambo jema. Lakini usituambie kwamba kuna mtu anamlipia daktari amfunge tumbo asinenepe.”

“Hawakunitoza kitu, mama. Walikuwa wanajaribu.”

“Walikujaribu bure, nawe ukakubali.” Alicheka, na wengine wakacheka naye, si kwa ubaya. “Hata ng'ombe hakubali.”

Ndipo nilipofanya jambo ambalo sikulipanga. Nilivuta blauzi juu, mbele ya wanaume na wanawake na katekista, nikawaonyesha kovu. Hakuna aliyecheka tena. Mama Leokadia alinyanyuka, akasogea, akalitazama kwa makini kama anayesoma. Aligeuka akawaambia watu, “Si mnaona? Hapo ndipo wazungu walipoitolea ile sumu.”

Nikasema kwamba nilipasuliwa kabla, kabla sijarudi, kabla sijala chakula chako hata kimoja. Nilisema tarehe. Nilisema mwaka. Lakini walikuwa wamekwisha kuelewa, Shangazi. Sumu ilianza nilipokuwa mugole, walielezana. Ilikaa ndani miaka yote. Wazungu walitoa nusu, nusu ikabaki. Kila kitu kilipata mahali pake. Nimesoma mantiki Chuo Kikuu, na hoja yao haikuwa na ufa. Na nikiwa mkweli, ningekuwa mmoja wao, nimeketi kwenye mkeka ule, ningemwamini nani? Hadithi yao ina chuki ndani yake, na chuki kila mtu anaijua. Yangu ina mwanamke mwenye shibe na elimu anayelipa kwa utumbo wake ili kijana mmoja ukumbini asicheke. Mimi mwenyewe siku nyingine siiamini.

Balozi Deogratias alinisindikiza hadi barabarani.  Nilimwuliza kama walikuita kukuhoji wakati ule, ulipotengwa. Akasema walikuita, mbele ya wazee na katibu, ukasimama ukasikiliza yote.

“Alijitetea vipi?”

“Hakujitetea. Nilimwambia, mama, sema lolote, tuandike. Alisema neno moja tu: ‘Muulizeni mwenyewe.’”

“Mbona hamkuniuliza?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Tungekuuliza wapi, mwalimu? Tulingoja uje. Tulingoja likizo mbili.”

Ulikuwa umeliona kovu. Uliligusa lote kwa kidole chako, na wewe huwezi kudanganywa kuhusu mwili wa binti. Ulijua kwamba kuna jambo, na ungeweza kuwaambia, “Mtazameni tumbo,” ukajiokoa. Lakini shangazi aliyemweka mugole ndani hasemi aliyoyaona mwilini mwake. Ulinifundisha hivyo ukinipaka samli, na mimi nikalichukua kama mojawapo ya maneno ya kikongwe. Uliweka siri ambayo hata hukuwa umepewa, ukaniachia mimi niifungue. Huenda najipendelea hata hapa. Huenda ulikuwa umechoka tu, au una kiburi, au ulidhani kweli ni kidole tumbo. Ila najua hili: ulinitaja mimi kuwa shahidi wako pekee, na likizo hizo mbili nilikuwa hapa Bilele, mwendo wa nusu siku, nikisahihisha madaftari karibu na choo changu.

Sasa wameniuliza, Shangazi, na nimejibu, na jibu langu halikukutoa mwisho wa mstari. Ninaendelea kuishi na tumbo hili. Wanasema linaweza kunibeba miaka mingi. Sikuombi unisamehe, kwa kuwa ungenisamehe, na ungefanya hivyo kwa haraka kupita kiasi, ukitafuta sahani. Pumzika huko upande wa nyasi. Nitaendelea kusema, kwa kila atakayekaa kunisikiliza, na najua hawataamini.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako, niliyengojwa likizo mbili.